Fimbo moja kwa maji matatu: kuchagua fimbo ya kuvulia ya safari na mulinee ukiwa Bukavu

Mvuvi wa Bukavu ana maji matatu yasiyofanana. Ziwa Kivu liko mlangoni, chini ya mitaa ya Nguba na Muhumba. Mto Ruzizi unatoka humo humo ziwani, unapita kati ya mji wetu na Rwanda, unaporomoka kwenye makorongo, kisha unatulia uwandani ukishapita Kamanyola. Mwisho wake ni Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira. Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanganyika kama mita 770. Katika mteremko huo samaki wanabadilika, uzito wa chambo unabadilika, na maji yenyewe yanavuta kwa nguvu nyingine. Lakini hakuna anayepanda teksi-moto na fimbo tatu begani.

Fimbo nyingi tulizoziona zimevunjika hazikuvunjwa na samaki. Zilivunjwa na mlango wa gari, na gunia la makaa lililowekwa juu yake, na kiungo kilicholegea bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo anayechagua fimbo ya safari aanze na barabara, samaki wafuate. Baada ya miaka ya kujaribu urefu huu na ule, tumerudi mara kwa mara kwenye kitu kimoja: fimbo ya mita 2.10, ya vipande vinne, ya kurusha gramu 7 hadi 28, na mulinee ya ukubwa wa 3000 yenye bobini mbili, yaani vibiringo vya kubebea uzi. Mulinee ni kile kigurudumu cha kukunjia uzi kinachoning'inia chini ya fimbo. Aina tunayoizungumzia ni ile ambayo bobini yake haizunguki wakati wa kurusha, uzi unachomoka wenyewe kwa mbele.

Hesabu ya vipande ni rahisi. Fimbo ya mita 2.10 ya vipande viwili ikifungwa hubaki na sentimita 108 hivi. Hiyo haiingii kwenye begi lolote, na juu ya teksi-moto inatokeza pembeni kama pembe ya ng'ombe. Ya vipande vitatu hubaki na kama sentimita 74, inakubalika kwa gari na boti. Ya vipande vinne inakaa kati ya sentimita 55 na 58, kwa sababu kila kiungo kinakula sentimita chache za kuingiliana. Hiyo inalala ndani ya begi la mgongoni la kawaida, haionekani, wala hakuna anayekuuliza umebeba nini. Anayepanda ndege akumbuke kwamba kampuni nyingi zinaruhusu begi la mkononi la sentimita 55, kwa hiyo fimbo ya sentimita 58 inaweza kukataliwa mlangoni. Kwa safari hizo vipande vitano, sentimita 46 au 47, vina maana. Zaidi ya vitano hatuvipendi. Kila kiungo ni mahali pagumu kwenye kitu kinachotakiwa kupinda, na ni mahali pengine pa kulegea.

Watu wengi wanakimbilia fimbo ya kuchomoa, ile inayojifunga ndani yake kama antena ya redio. Inapendeza dukani. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, pete za kupitishia uzi zinakaa kwenye miisho ya vipande tu, hivyo ziko chache na mahali pasipofaa. Fimbo ikipinda, uzi unakata kona na kugusa mwili wa fimbo. Pili, mchanga. Punje moja ikiingia kati ya vipande, unasikia mkwaruzo kila unapofungua, na mkwaruzo huo unakula ukuta ambao tayari ni mwembamba. Siku moja kipande kinazama ndani wakati unapigana na samaki, au kinakwama kabisa na hakifungiki. Kwa mtoto anayevua tilapia kwa chelezo (kile kinachoelea juu ya maji) kando ya nyumba, inatosha. Kwa mtu anayekwenda Uvira, hapana.

Sasa nguvu ya fimbo. Juu kidogo ya mshiko kumeandikwa gramu za kurushwa. Zikiandikwa kwa aunsi, aunsi moja ni gramu 28, robo ya aunsi ni gramu 7. Nambari ya chini ndiyo muhimu kuliko ya juu, ingawa wanunuzi karibu wote hutazama ile ya juu. Fimbo ngumu ya gramu 20 hadi 60 haitarusha chelezo chepesi cha tilapia hata ufanye nini: ncha haipindi, kwa hiyo haina kitu cha kurudisha, na chambo kinaanguka mita 8 mbele yako. Fimbo ya gramu 7 hadi 28, kinyume chake, inaweza kusukumwa kidogo kila upande. Inarusha gramu 5 bila aibu, na gramu 35 ukiibembeleza, yaani ukizungusha polepole kutoka nyuma bila kupiga.

Kivu lenyewe linakubaliana na uchaguzi huu. Ni ziwa refu kwenda chini, karibu mita 485, lakini hewa ya samaki iko juu tu, katika mita 60 hivi za kwanza. Chini ya hapo maji yamejaa gesi na hayana oksijeni. Na mwambao wa upande wetu unashuka ghafla: hatua chache kutoka kwenye mwamba, tayari huoni chini. Kwa hiyo kurusha mita 80 kuelekea katikati ni kazi bure. Tilapia, kambale na samaki wadogo wa mwambaoni wako kwenye ukingo, kwenye matete na kwenye mawe. Kinachotakiwa ni kurusha mita 20 au 30 na kuangukia mahali unapotaka, kazi ambayo fimbo ya mita 2.10 inaifanya vizuri. Fimbo ya mita 3.60 ya kurushia baharini inagonga matawi nyuma yako na kumchosha anayekaa kwenye mtumbwi.

Kuhusu namna fimbo inavyopinda: chagua inayopinda kuanzia theluthi ya juu hadi karibu na nusu. Inayopinda ncha tu ni nzuri kwa chambo bandia lakini inang'oa ndoana kwenye mdomo laini wa tilapia. Inayopinda mpaka mkononi inasamehe mengi, ila kwenye mkondo wa Ruzizi huwezi kumgeuza samaki anayeshuka na maji.

Viungo ndivyo vinavyotofautisha fimbo ya safari nzuri na mbaya, na hapa ndipo pa kutumia muda dukani. Chukua kila kiungo, dume na jike, uingize polepole. Kinatakiwa kuingia kwa ulaini, kisha kikaze taratibu kadiri unavyosukuma. Kikisimama ghafla kama kimegonga ukuta, hakijachongwa vizuri. Ukishakifunga, tikisa. Ukisikia "tik" ndogo, rudisha fimbo mezani. Kwenye viungo vya aina ya kijiti cha ndani, pale dume linapoingia kwenye tundu, fimbo mpya hubakisha pengo la milimita 3 hadi 6 kati ya vipande viwili. Watu wanadhani ni kasoro na wanagonga kiungo kwenye kiatu ili lizibe. Pengo hilo limewekwa kwa makusudi: kiungo kinalika mwaka hadi mwaka, na pengo ndilo akiba yake. Siku litakapoziba lenyewe, kiungo kimekwisha kulegea.

Kuunga kuna utaratibu. Anza na kipande cha ncha na cha pili yake, kisha cha tatu, malizia na shina. Ukianza na shina, unabaki na ncha ndefu inayoyumba hewani na kugonga kila kitu. Ingiza kila kiungo pete zikiwa zimepishana robo ya mzunguko, sukuma huku ukizungusha hadi pete zinyooke. Mzunguko huo mdogo ndio unaokamata. Kisha funga jicho moja utazame kutoka kwenye shina: pete zote zikae mstari mmoja.

Halafu kila nusu saa shika kila kiungo na ukisukume tena. Hili ndilo somo lililogharimu fimbo nyingi kuliko jingine lolote. Kurusha kwa kurudia kunalegeza kiungo milimita moja, mbili, tatu. Dume likishatoka kidogo tu, mzigo wote unaangukia mdomo wa jike badala ya kusambaa kwenye sentimita nne au tano za mwingiliano. Mdomo unapasuka kwa urefu, kama mwanzi. Mwenye fimbo atasema ilikuwa mbovu tangu dukani. Ukikuta ufa mdogo wa namna hiyo mapema, uzi mwembamba wa kushonea uliokazwa kuzunguka mdomo kwa sentimita moja na kupakwa gundi ya sehemu mbili unaweza kuuokoa.

Kiungo kinacholegea upesi kipakwe mshumaa, utando mwembamba tu juu ya dume, kisha ufute kwa kidole. Usitumie sabuni wala grisi, kwa kuwa zote mbili zinakamata mchanga. Kinachokwama, usikizungushe kwa kushika pete, zitang'oka. Kata vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli uvitumie kama mshiko. Pitisha fimbo nyuma ya magoti, shika kila upande wa kiungo mikono ikiwa nje ya magoti, kisha panua magoti polepole. Nguvu inakwenda sawasawa pande zote mbili, hakuna kupinda.

Pete zenyewe ziwe nane au zaidi pamoja na ile ya nchani. Chukua pamba kidogo, ipitishe ndani ya kila pete ukiizungusha. Nyuzi za pamba zikinasa, kuna ufa ambao jicho halikuuona, na ufa huo utakata uzi wako kwa samaki mkubwa wa kwanza. Pete ya nchani ndiyo inayoumia zaidi, kwa hiyo ipimwe mara mbili. Rudia kipimo hicho kila baada ya safari ndefu.

Baadhi ya fimbo za safari zinauzwa na ncha mbili, moja nyepesi na moja nzito kidogo. Ukipata hiyo kwa bei inayokaribiana, ichukue bila kusita. Ncha ndiyo kipande kinachovunjika, na hapa kwetu huwezi kununua kipande kimoja cha badala.

Mulinee sasa, na hapa ushauri wetu ni wazi: kama pesa ni kidogo, fimbo iwe ya wastani na mulinee iwe nzuri. Fimbo ya wastani inavua miaka. Mulinee mbovu inakusumbua kila dakika.

Nambari 3000 haina maana moja kwa watengenezaji wote. Soma kilichoandikwa kwenye bobini: inatakiwa kubeba mita 150 za nailoni ya milimita 0.25 hadi 0.28. Uzito gramu 240 hadi 300. Ukishaifunga kwenye fimbo, weka kidole chini ya mshiko karibu na mguu wa mulinee. Fimbo ikilala sawa hapo, mkono hautachoka. Kiwango cha kuzungusha cha 5.0 hadi 5.3 kwa 1, yaani mkono ukizunguka mara moja upinde wa waya unazunguka mara 5 hivi, kinafaa kazi zote. Mulinee ya haraka sana inavuta chambo bandia kasi kuliko samaki wa Ruzizi anavyotaka, na inakuwa nzito mkononi kukiwa na mzigo.

Usidanganywe na idadi ya beringi iliyochapwa kwenye boksi. Beringi nne au tano nzuri zinashinda kumi na mbili za bei rahisi, ambazo ni mahali kumi na mbili pa kuingia kutu. Badala ya kuhesabu, weka mulinee karibu na sikio uzungushe polepole kabisa: usisikie mkwaruzo wala kuhisi meno yakigonga. Shika bobini uitikise kwa mbele na nyuma, na mkono wa kuzungushia juu na chini. Mchezo mdogo unakubalika, kelele ya chuma haikubaliki. Gusa kile kigurudumu kidogo kinachoongoza uzi, mwishoni mwa upinde wa waya. Kizunguke. Kikiganda, uzi utakichimba mfereji, na mfereji utakata uzi. Mkono wa kuzungushia uwe wa kuskurubu moja kwa moja ndani ya mwili wa mulinee kuliko ule wa kukunja kwa kitufe, kwa kuwa wa kukunja unalegea mapema.

Breki ndiyo moyo wake. Wauzaji wanasifu kilo 10 au 12 za breki, lakini kwa uzi huu hutazitumia kamwe. Kinachotafutwa ni breki inayoanza kuteleza bila kushtuka. Kaza kiasi, vuta uzi kwa mkono polepole. Ikigoma, kisha ikaachia kwa kishindo, ikagoma tena, hiyo ndiyo itakayokata uzi samaki anapokimbia mara ya kwanza. Inatakiwa kuachia kama maziwa yanavyomiminika.

Kuifunga kwa kipimo: robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Nailoni ya milimita 0.28 hukatika kwenye kilo 6 hivi, kwa hiyo breki ni kilo 1.5 hadi 2. Huna mizani? Chupa ya maji ya lita 1.5 iliyojaa ni kilo moja na nusu. Shika mulinee mkononi bila fimbo, ning'iniza chupa kwenye uzi, rekebisha hadi chupa ishuke polepole yenyewe. Msuguano wa pete utaongeza kidogo fimbo ikipinda, na utafika mahali panapofaa. Jioni, legeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi. Ndani mna vidude bapa vya kitambaa au kaboni. Vikikaa vimebanwa wiki nzima vinashikana, na kesho yake breki inashtuka.

Bobini ya kwanza ijazwe nailoni ya 0.25 au 0.28. Ya pili, uzi wa kusuka wenye nguvu ya kilo 9 au 10. Usiamini unene ulioandikwa kwenye nyuzi za kusuka za bei rahisi, mara nyingi ni mnene kuliko unavyosomeka. Kabla ya kukunja uzi wa kusuka, kunja kwanza mita 10 za nailoni, la sivyo uzi wote unazunguka juu ya bobini kama pete ya kidole kilichokonda na hakuna breki itakayokusaidia. Jaza hadi milimita 2 chini ya ukingo. Ukijaza hadi ukingoni, uzi unaruka kwa mafundo. Ukijaza nusu, unasugua ukingo na chambo hakifiki mbali.

Wakati wa kujaza, laza bobini ya dukani sakafuni, kunja mita 10, kisha simama na ulegeze uzi. Ukijisokota kama chemchemi, pindua bobini ya dukani upande wa pili uendelee. Na kuna kosa ambalo karibu kila anayeanza analifanya: samaki anavuta, breki inateleza, naye anazidi kuzungusha mkono. Kwa kiwango cha 5 kwa 1, kila mzunguko wa mkono hapo unausokota uzi mara 5 bila kuukunja hata sentimita. Baada ya samaki watatu uzi umekuwa kama nywele za mtoto zilizoamka. Samaki akikimbia, acha mkono. Inua fimbo polepole, ishushe, na uzungushe wakati wa kushusha tu. Uzi ukishasokotwa, ondoa kila kitu kwenye ncha yake, uuachie mita 60 au 80 ufuate nyuma ya mtumbwi unaokwenda, au kwenye mkondo wa Ruzizi, kwa dakika 5. Unajinyoosha wenyewe. Tena funga upinde wa waya kwa mkono badala ya kuzungusha ili ujifunge. Unazuia kile kitanzi kidogo kinachozaa fundo kubwa mrusho unaofuata.

Kwenye Kivu, kwa tilapia, tunatumia bobini ya nailoni. Chelezo cha gramu 6 hadi 8, ndoana namba 8 au 10 (namba ikipanda ndoana inapungua), risasi mbili ndogo sentimita 20 juu ya ndoana. Chambo ni nyungunyungu au kitonge cha bugali kilichokandwa na mafuta kidogo ili kisimumunyike. Kambale ni wa jioni na usiku: chubwi (risasi ya kuzamishia) ya gramu 20 inayoteleza juu ya uzi, kipete kinachozunguka, kisha sentimita 40 za nailoni ya 0.40 na ndoana 1/0 au 2/0 (hizi zenye /0 ni kubwa, na namba ikipanda zinakua). Kipande cha sambaza, samaki mdogo kama dagaa, au utumbo wa kuku kinamfaa. Sambaza huyu aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye chambo kinachopatikana karibu kila soko la mwambao. Kumbuka kujumlisha: chubwi ya gramu 20 na chambo cha gramu 10 ni gramu 30, umeshapita nambari ya fimbo. Rusha kwa kubembeleza.

Ruzizi ni ya bobini ya uzi wa kusuka, kwa sababu hauvutiki, na kwenye mkondo unasikia kila jiwe. Mbele yake unga mita 1 ya nailoni ya 0.35 au 0.40, kwani uzi wa kusuka ukigusa mwamba unakatika kama umekatwa na wembe. Tumia vijiko vinavyozunguka, yaani chambo bandia cha chuma, vya gramu 6 hadi 10, virushwe kwa mshazari kuelekea juu ya mkondo, vikirudi na maji. Fundo la uzi wa kusuka likunjwe mara mbili ndani ya tundu la kipete. Lile fundo la kawaida la nailoni, la mizunguko 5 au 6, linateleza juu ya kusuka. Yote mawili yaloweshwe mate kabla ya kukaza, maana msuguano mkavu unaunguza uzi. Huku chini uwandani kuna mamba na viboko. Simama mbali na ukingo, usiingie majini kufungua ndoana iliyonasa hata kama chambo ni cha bei. Karibu na mabwawa ya umeme kina cha maji kinaweza kubadilika ghafla pia.

Ndoana ikinasa, kwanza elekeza fimbo mstari mmoja na uzi ili isipinde. Zungushia uzi kijiti au kitambaa na uvute. Uzi wa kusuka kwenye kiganja unafika mfupani.

Uvira, kwa mukeke, samaki mwindaji wa Tanganyika, kijiko cha rangi ya fedha cha gramu 14 hadi 21, chenye urefu unaofanana na ndagala (dagaa wa Tanganyika), kizame kisha kipandishwe kwa mikupuo mifupi kutoka kwenye mtumbwi. Palipo na samaki wenye meno marefu ongeza sentimita 25 za waya laini wa chuma, bila hivyo utapoteza kila kijiko. Sangala mkubwa, mwindaji mwingine wa Tanganyika, si wa fimbo hii. Tunalisema waziwazi kwa sababu wauzaji wanasema kinyume chake. Sangala wa kilo 3 au 4 unaweza kumchosha kwa subira. Wa kilo 15 anahitaji mulinee ya 5000 na fimbo ya kazi hiyo, na kumwendea na kifaa chepesi ni kumwachia ndoana mdomoni.

Hata samaki wa kilo 2 asiinuliwe kwa fimbo. Gramu 28 za kurusha si kilo 2 za kunyanyua. Fimbo ikisimama wima huku samaki akiwa chini ya miguu yako, mzigo wote uko kwenye sentimita 20 za mwisho, na ndipo ncha nyingi zinapokatika. Pembe kati ya fimbo na uzi isizidi nyuzi 90, tumia wavu wa mkono, au mburute samaki polepole kwenye mchanga.

Maji ya Kivu yana chumvichumvi na magadi, yakikauka yanaacha unga mweupe. Mulinee isizamishwe, ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya bomba, ikauke kivulini. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kigurudumu cha uzi na kwenye kishikio cha mkono kila baada ya siku chache za kuvua. Grisi ya ndani mara moja kwa mwaka. Mawese na mafuta mengine ya kupikia yasikaribie: yanaganda, yananata, na breki ikiyapata imekufa.

Milima ya Kivu, Kabare ikiwemo, ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na fimbo ya kaboni inapitisha umeme. Kuanzia Septemba hadi Mei mawingu hukusanyika mchana bila taarifa ndefu. Ngurumo ya kwanza ikisikika, fimbo ilazwe chini na watu watoke majini na mtumbwini. Vilevile tazama juu kabla ya kurusha panapopita nyaya za umeme.

Kwa barabara, nunua bomba la plastiki la milimita 75, likatwe sentimita 62, lizibwe chini moja kwa moja na juu kwa kizibo cha kufungua. Weka kipande cha sponji ya godoro kila mwisho. Kila kipande cha fimbo kivae mfuko wake wa kitambaa, visisuguane. Mulinee isafiri peke yake ndani ya soksi nene, na chubwi zikae kwenye mfuko mwingine kabisa. Ndani ya bomba, ncha ikae katikati ya vipande vingine, pete yake ikielekea upande wa shina, na vyote vifungwe pamoja kwa mpira laini sehemu mbili.